Mbegu Saba na Kizibo Kimoja

Hapo zamani, bomba lilipokuwa bado halijapanda milimani na kila mtu akimtegemea jirani wa juu kwa maji, palikuwa na kijiji Upare kiitwacho Kwakirunga. Nyie mnaopukuchua mahindi, endeleeni kupukuchua. Mikono yenu siihitaji, nahitaji masikio tu. Tena msinikatize katikati. Mwishoni nitawapa nafasi ya kugombana, na mtagombana kwa ruhusa yangu.

Kwakirunga walikuwa na ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalochimbwa juu ya mashamba. Usiku kijito huijaza, alfajiri huzibuliwa, na maji hushuka kwenye mfereji mpaka mashambani. Mashamba yalikuwa saba, ya kaya saba. Tundu la ndiva lilizibwa kwa kizibo cha mti wa mninga, kinene kama paja la mtu mzima, na aliyekishika kizibo ndiye aliyekuwa mkuu wa maji. Kila msimu kijiji kilimfanyia msaragambo wa siku moja: watu wote na majembe yao shambani kwake, asubuhi mpaka jioni, yeye kazi yake kuwapikia tu. Kwa hiyo msidhani nazungumzia kijiti cha kuchezea.

Siku hizo kizibo kilikuwa kwa mjane aitwaye Nakijwa. Mumewe ndiye aliyewaongoza watu kuichimba ndiva ile. Alipoulizwa anataka shamba lipi, alichagua la saba, la mwisho kabisa kule chini, akasema mwenye kizibo asinyweshe shamba lake kabla ya wenzake. Watu walimpenda kwa neno hilo wakaligeuza desturi: mwenye kizibo humwagilia mwisho. Walijivunia sana. Mgeni akifika Kwakirunga, hata maji ya kunywa hajapewa, habari hiyo ameshasimuliwa.

Kisha kijito kikapungua. Mashamba matano ya juu yakawa yanalowa, la sita linaonja, la saba halioni kitu. Misimu miwili mfululizo Nakijwa alivuna mabua. Kaka yake aliyeishi tambarare alimtumia ujumbe kwamba ahamie kwake, atapewa chumba na atakula na watoto. Ulikuwa ujumbe mwema, lakini ulimchoma Nakijwa. Nyumba yake aliijenga na mumewe, na kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba hiyo. Hakutaka kwenda kulelewa. Ila alijua msimu wa tatu ukimwendea vile vile, atafunga mlango na kushuka.

Asubuhi moja aliita watu wote pale ndivani. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na kila mkulima alijua kwamba la saba lisipopata maji ya kutosha ndani ya siku ishirini, halitafunga punje. Nakijwa alisimama ukingoni na kizibo mkononi, akasema:

"Ndugu zangu, maji yapo, ila yanapotea njiani. Kila tukiziba kwa huyu na kumfungulia yule, mfereji mkavu unakunywa kwanza, ndipo shamba linakunywa. Kwa hiyo yanayopotea yanategemea nani anamfuata nani. Mtu atakayepanga zamu ili mashamba yote saba yashibe, la kwangu likiwemo, kizibo hiki ni chake. Mimi magoti yamechoka kupanda huku."

Palikuwa na mtu aitwaye Mcharo. Mcharo alikuwa na mkono mwepesi. Ugali akiuona unatoka jikoni, ameshanawa. Mvua ikidondosha tone moja, ameshaanua. Hakungoja kikao kivunjike. Alishuka na jembe lake, akafungulia shamba ambalo maji yangepotea kidogo kulifikia. Lilipolowa, akasimama pale pale akatazama: kutoka hapa, ni wapi tena nitapoteza kidogo? Akaenda huko. Lilipolowa, akauliza tena swali lile lile. Hakurudi nyuma, hakujuta, hakukuna kichwa. Shamba la Nakijwa aliliacha la mwisho, kwanza kwa sababu lilikuwa mbali, pili kwa sababu ya ile desturi yao.

Na mambo yakaonekana siku ile ile. Mashamba sita yakashiba, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kijito kipungue. La saba likapata maji ya kulowesha vidole. Mahindi ya Nakijwa yaliyokuwa yanajikunja yakajikunjua kidogo. Hayakushiba, lakini hayakufa. Watu wakamshukuru Mcharo, na yeye akazipokea shukrani bila kujificha. Zamu yake ikafuatwa kila siku kuanzia hapo.

Palikuwa pia na mwanamke aitwaye Mbonea. Huyu alikuwa mtu wa kujaribu kila kitu. Akienda sokoni kununua chungu kimoja, anagonga vyungu vyote, hata vya yule muuzaji ambaye hataki kununua kwake. Mbonea alimpongeza Mcharo, kisha akamuuliza kwa adabu amejuaje kwamba hakuna zamu iliyo nzuri kuliko yake. Mcharo akacheka, akasema kila hatua alichagua iliyo nzuri, sasa safari nzima itakuwaje mbaya? Mbonea alichukua mtungi akateremka mferejini.

Siku tatu alipima kila kipande cha mfereji, kinakunywa mitungi mingapi maji yakiwa na nguvu, na mingapi maji yakiwa yamelegea. Kisha akarudi uani kwake akatoa mbegu saba, kila shamba na mbegu yake: punje ya hindi, haragwe, kunde, choroko, mbaazi, fiwi, na njugu mawe. Njugu mawe ndiyo ilikuwa shamba la Nakijwa. Akazipanga kwa mstari vumbini kama zamu, na pembeni akaweka kokoto, kila kokoto ni mitungi kumi iliyopotea. Zamu ya Mcharo aliipanga kwanza, na ilipotimia mbegu ya saba, zilikuwa kokoto tisa. Basi akazikoroga na kuanza upya: haragwe mbele, hindi nyuma. Hesabu. Koroga. Kunde mbele, haragwe nyuma. Hesabu. Koroga. Kwa siku moja aliweza kupanga mistari mia hivi, na jioni alinyooka kwa kushika ukuta.

Siku saba akafanya hivyo. Watoto wake walikula viazi vilivyoungua. Mistari mia saba na ishirini aliipanga, na hakuna hata mmoja uliopungua kokoto tisa za Mcharo. Siku kumi zilikuwa zimekwisha, zimebaki kumi. Mcharo alipita njiani akamsalimia kwa sauti tamu kupita kiasi, nyinyi mnaijua salamu ya namna ile.

Mbonea akainama kuziokota mbegu zake azirudishe chunguni. Alipofika kwenye njugu mawe akakuta imejichimbia kishimo vumbini. Siku saba haikuwa imeondoka mahali pake. Mbegu sita alizikoroga kila namna, ya saba aliiacha mwisho kila mara, kwa heshima tu, kwa kuwa mwenye kizibo humwagilia mwisho. Mtu anayegonga vyungu vyote vya soko alikuwa ameacha kugonga sehemu kubwa ya soko, na mwenyewe hakujua. Alikaa chini kwenye vumbi, akajicheka, mpaka hesabu ilipomjia: mistari iliyobaki ni zaidi ya elfu nne na mia tatu. Hizo ni siku arobaini na tatu. Naye alikuwa na kumi.

Hata hivyo akaanza. Sijui ningekuwa mimi kama ningeanza.

Sasa, kwa Mbonea alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mumewe, jina lake Kiondo. Kiondo alikuwa mvivu, na hilo silisemi kwa kumsengenya, mwenyewe alilisema. Kuni alizipasua akiwa amekaa. Alikuja kila siku kwa Mbonea wakati wa kula, na baada ya kula hakuona haja ya kuondoka. Alijilaza kibarazani akamtazama shemeji yake akipanga mbegu. Siku ile ya kumi na moja, Mbonea alikuwa ameshapanga mbegu nne na anaendelea, Kiondo akainua kichwa.

"Shemeji, hizo kokoto ngapi?"

"Tisa."

"Na mbegu tatu bado hujazipanga?"

"Bado."

"Mcharo amemaliza mbegu zote kwa tisa. Hizo tatu, ukizipanga hivi au vile, zitaziondoa kokoto zilizokwisha kukaa?"

Mbonea akasema haziwezi.

"Basi unazipanga za nini? Kokoto zikifika tisa na mbegu bado zipo, koroga. Na usipange mstari mwingine wowote unaoanza na hizo nne. Umeshaona zinakokwenda."

Akakilaza kichwa chake tena.

Mbonea akaukoroga mstari ule pale pale. Kwa kuuacha, alikuwa ameacha mistari sita kwa mpigo. Mahali pengine kokoto tisa zilijaa akiwa na mbegu mbili tu chini, na hapo alifyeka mistari mia na ishirini bila kuipanga. Yupo hapa anayeguna kwamba hadithi imekuwa hesabu, tulia, zimekwisha. Nilichotaka ujue ni kwamba kazi ya siku arobaini na tatu aliimaliza kwa sita, na hakuna mstari aliouacha bila sababu.

Siku ya kumi na sita, mchana, akapata kokoto sita. Akazihesabu tena. Sita. Mstari wenyewe ulikuwa wa ajabu: ulianza na njugu mawe. Shamba la mbali kupita yote, linyweshwe la kwanza, na hatua hiyo moja inameza kokoto nne. Ndiyo maana Mcharo asingeigusa; kwa mtu anayetazama hatua iliyo mbele yake, hakuna mwanzo mbaya kuliko huo. Lakini alfajiri ndiva ikiwa imejaa, maji hukimbia, na udongo haupati nafasi ya kunywa sana. Mchana ndiva ikiwa imepungua, maji hutambaa, na udongo hunywa unavyotaka. Wale watu, kwa adabu yao, walikuwa wakiyapa safari ndefu maji yaliyochoka. Baada ya njugu mawe, mbegu sita zilizobaki zilitaka kokoto mbili tu.

Kesho yake alfajiri walikutana ndivani, Mbonea akaeleza. Wote wakamgeukia Nakijwa, na Nakijwa akakataa. Alisema mumewe hakunywesha shamba lake kwanza hata siku moja, na yeye hatamwaibisha akiwa kaburini. Mbonea akamwambia kwamba hii si kwa faida yake peke yake, hata shamba la sita litapata zaidi. Nakijwa akatikisa kichwa. Jua lilikuwa linataka kutoka na maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni.

Mwisho Nakijwa akainama, akakichomoa kizibo kwa mikono miwili, akakiweka juu ya jiwe, akakiachia.

"Leo sina kizibo," alisema. "Mimi ni mwenye shamba la saba, basi. Nileteeni maji."

Akashuka kule chini kuyangoja. Maji yalikwenda na kelele, yakapita matawi yote yaliyozibwa, yakapita shamba la tano, la sita, yakaingia kwa Nakijwa yangali na nguvu. Alikuwa amesimama katikati ya mahindi yake, na maji yakampanda kifundoni. Alifurahi mpaka akalia, na hakujifuta. Alimwambia jirani yake kwamba kaka yake atatumiwa salamu, na mahindi mabichi, lakini yeye haendi kokote. Kufikia adhuhuri mashamba yote saba yalikuwa yameshiba, na maji mengine yakabaki ndivani, samaki wadogo wakiogelea. Desturi ya kumwagilia mwisho ikaishia hapo, na sikusikia aliyeisikitikia.

Mkishafurahi, ndipo kazi inapoanza. Kizibo kilikuwa juu ya jiwe, hakina mwenyewe, na jioni ndiva lazima izibwe. Watu wakapanda tena, na Nakijwa akasema anayekitaka aseme kwa nini.

Mcharo akawahi, kama kawaida yake. "Mimi nilileta maji siku mliyoyaomba. Siku kumi na sita mfereji ulikuwa unapimwa na mbegu zinakorogwa uani, mahindi yenu yalikuwa yanakunywa kwa zamu yangu. Ningekuwa na mimi nimekaa nahesabu, leo mngemkuta Mbonea na mpango mzuri sana wa kumwagilia mabua. Na hizo kokoto tisa alizotumia Kiondo kufyekea, zilikuwa za nani? Mimi sikusema zamu yangu ndiyo bora duniani. Nilisema inatosha kutuvusha, na imetuvusha."

Watu wakakumbuka kwamba alisema zaidi ya hapo.

Mbonea akasema: "Mcharo ametuvusha sisi sita. Nakijwa alikuwa bado upande ule. Kokoto tisa zingebaki tisa mpaka leo, na mjane angekuwa amefunga mizigo. Nani alipima mfereji? Nani alipanga mistari mpaka magoti yakachubuka? Neno la Kiondo ni zuri, nalishukuru, lakini neno halikuinama vumbini. Niliinama mimi. Sharti la kizibo lilikuwa mashamba saba, na aliyeyaleta maji kwenye saba ni mimi."

Hapo mtu mmoja akamuuliza, si kwa ubaya, kwamba siku zile saba alizoziacha zipotee kwa heshima, kama Mcharo asingekuwa ameyashika mahindi, yangefikaje leo? Mbonea akakiri kwamba yasingefika.

Kiondo hakutaka kusimama. Akasema akiwa amekaa: "Mimi sikufanya kazi, na ndiyo maana kazi ilikwisha. Mcharo alipata haraka kitu kisichotosha. Shemeji alikuwa anatafuta kinachotosha, angekipata tumeshavuna. Mimi niliwaunganisha. Nilichukua tisa za huyu nikampa huyu kuwa panga la kufyekea. Msaragambo siukatai, nadhani mnanijua."

Wakacheka wote, hata Mbonea. Kisha Nakijwa akamuuliza wazo lile lilimjia lini. Kiondo angeweza kudanganya, lakini uongo nao una kazi ya kuukumbuka. Akasema lilimjia siku ya tano, alipoona kokoto zimefika tisa na shemeji bado anapanga. Akauliza moyoni mbona haachi, akaona kusema ni usumbufu, akalala. Jioni ile Mbonea alimpakulia chakula kama siku zote, ila kidogo.

Nakijwa akakiinua kizibo. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya atake kumpa kila mmoja. Lakini tundu la ndiva ni moja, kizibo ni kimoja, na msaragambo wa siku moja haugawanywi kwa watu watatu.

Akiwa amekishika hivyo, wakaja mume na mke kutoka bonde la pili, na mtoto mgongoni. Wakasalimu vizuri, wakasema kwao maji yamekauka kabisa, wamesikia Kwakirunga maji yanabaki ndivani. Wakaomba kipande cha ardhi upande wa kushoto wa mfereji na zamu moja ya maji kuanzia msimu ujao. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakatalia siku ile. Nakijwa akawaambia karibuni.

Mbonea peke yake ndiye aliyekaa chini. Alichukua punje ya mtama, akaiweka vumbini kando ya zile saba alizokuja nazo, akahesabu kwa midomo. Mistari elfu arobaini na zaidi. Kwa mia moja kwa siku ni zaidi ya mwaka mzima. Na shamba jipya likiingia, mfereji unachimbwa tawi jipya, vipimo vyote vinabadilika, na zile kokoto sita haziaminiki tena. Mcharo alikuwa ameshashuka na jembe kwenda kuangalia shamba la nane litafikiwa vipi. Kiondo alikuwa anautazama mtama, na hakuna aliyejua kama amewaza kitu au anasinzia.

Sasa wekeni magunzi chini. Waliopita hapa kabla yenu, kina mama walimpa Mbonea, vijana wakampa Mcharo, na mzee mmoja akampa Kiondo mpaka mkewe akamuuliza ana undugu naye gani. Mimi nina wangu, simtaji. Nakijwa amesimama ukingoni, kijito kinaingia, tundu liko wazi, na kizibo lazima akitoe mkononi mwake kabla giza halijaingia. Amlipe mtu kwa kazi ya msimu huu, au ampe yule atakayemtaka pale ndivani msimu wa mbegu nane ukifika?

Semeni: nani alistahili kizibo?